Uaminifu wa Mteja Ni Mali: Mhadhara wa Petroli kwa Watu wa Ukerewe

Ndugu zangu wa vijiwe vya bodaboda, manahodha na wenye mitumbwi, akina mama mnaonunua dagaa mialoni, wenye mashine za kusaga na pampu za kumwagilia bustani, karibuni tuzungumze juu ya petroli. Sikuja kuwaambia kwamba mafuta ni ghali; mwenye pikipiki hapa Nansio analijua hilo kila asubuhi anapofungua mfuniko wa tangi. Nimekuja na hoja moja. Kila mteja anayerudi kwa muuzaji yuleyule ana kitu cha thamani mkononi, nacho ni kule kurudi kwake. Wafanyabiashara wakubwa wa dunia wanakilipia. Sisi huku ziwani tunakitoa bure, na mara nyingi tunakitoa kisha tunaongeza na fedha juu yake.

Tuanze mbali kidogo. Marekani kuna kampuni ya maduka makubwa inaitwa Kroger. Mteja akinunua unga, nyama na sabuni huhesabiwa pointi moja kwa kila dola, na akifikisha pointi 100 hupunguziwa senti 10 kwa kila galoni ya petroli. Uingereza, mwaka 2002, ilianzishwa kadi ya Nectar iliyounganisha maduka ya Sainsbury's na vituo vya mafuta vya BP: ukinunua huku au kule, pointi ziliingia mahali pamoja. Jirani zetu Kenya wana Bonga Points za Safaricom tangu 2007, na siku hizi pointi hizo zinaweza kulipia bidhaa kwa wafanyabiashara wanaozipokea. Hapa kwetu Tanzania kampuni kubwa za mafuta zina kadi za kulipia kabla, lakini hizo zimelenga zaidi ofisi na kampuni zenye magari mengi, si kijana mwenye pikipiki moja ya mkataba.

Kwa nini muuzaji atoe punguzo ambalo hakulazimishwa kulitoa? Kwa sababu anafanya hesabu. Mteja anayejulikana kwamba atarudi Jumatatu na Alhamisi ni nafuu kuliko mteja anayetafutwa kila siku. Duka lile la Marekani halitafuti faida yake kwenye petroli. Linaitafuta kwenye kikapu, na petroli ni njia ya kumfikisha mtu kwenye kikapu. Kwa hiyo mnunuzi mwerevu wa huko haulizi petroli imepungua kiasi gani tu. Anauliza pia kikapu kimemgharimu kiasi gani ili apate pointi hizo, kwani anayenunua vitu asivyovihitaji kwa ajili ya pointi amelipa petroli yake kwenye rafu ya biskuti.

Swali hilohilo, la bei inayolipwa mahali pengine, ndilo ninalotaka tulipeleke mwaloni.

Kwenye mialo yetu kuna mpango wa uaminifu wa zamani kuliko kadi yoyote ya plastiki. Mvuvi hana fedha ya mafuta jioni. Wakala wa samaki anampa dumu la lita 20, pengine na nyavu au ndoano, pengine na mashine yenyewe. Hakuna riba inayotajwa. Sharti ni moja: samaki wote wauzwe kwake. Na bei ya kilo anaipanga yeye.

Tupige hesabu, kwa namba za mfano tu, ili kila mtu aweke zake baadaye. Tuseme lita ni shilingi 3,000, basi dumu ni 60,000. Sangara sokoni ni 8,000 kwa kilo kwa aliye huru, na 7,500 kwa aliyekopeshwa. Ukitua na kilo 40 umepoteza 500 mara 40, yaani 20,000. Gawanya kwa lita 20: kila lita imekuongezea shilingi 1,000. Petroli yako haikuwa ya 3,000, ilikuwa ya 4,000, na ile 1,000 uliilipa kwa samaki, mahali ambapo hukuiangalia. Usiku mwingine Mungu akakujalia kilo 80. Sasa kila lita imeongezeka 2,000. Kadiri unavyovua vizuri, ndivyo mafuta yaleyale yanavyozidi kuwa ghali.

Nitamtendea haki wakala. Usiku wa upepo, mvuvi anaporudi na samaki wawili, wakala ndiye anayesubiri. Amebeba hatari, na hatari ina bei yake. Lakini bei hiyo itajwe. Ikiwa ni riba, iandikwe kama riba, ili mvuvi ailinganishe na mkopo wa SACCOS au wa kikundi chake cha VICOBA. Jambo linaloniumiza ni kwamba wavuvi wa kukodiwa, wale wanaovuta nyavu, hulipwa baada ya gharama za mafuta kukatwa. Mafuta yakiandikwa kwa bei ya juu, au lita zikazidishwa kwenye daftari, mgawo wa kijana wa mtumbwini unapungua na hana karatasi yoyote ya kuuliza. Na samaki wakishauzwa chini ya soko, amekatwa mara ya pili. Kijana huyo hajawahi hata kushika dumu la mafuta, lakini yeye ndiye anayelipa sehemu kubwa ya gharama yake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuokoa fedha ya petroli Ukerewe ni kuitenganisha na kila kitu kingine: mafuta yawe na bei yake, samaki wawe na bei yao. Na bei ya mafuta haihitaji kubuniwa, kwa maana inatangazwa. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutoa bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, mji kwa mji na wilaya kwa wilaya, na Ukerewe tuna mstari wetu wenyewe kwenye jedwali hilo. Mwenye simu ya kitochi anaipata kwa kubonyeza *152*00# na kufuata maelekezo. Hahitaji intaneti.

Bei yetu inazidi ya Dar es Salaam kwa sababu inayoonekana kwa macho. Mafuta hushushwa bandarini Dar es Salaam, Tanga au Mtwara. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Gari linalokuja kwetu kwa nchi kavu linapita Bunda, linafika Kisorya, linasubiri kivuko, linavuka hadi Rugezi, ndipo linaingia Nansio. Gharama hiyo ni halali na imo ndani ya bei kikomo tayari. Ndiyo maana anayekwambia "nimeongeza kidogo kwa sababu ya usafiri" kituoni, juu ya kikomo, anakulipisha kivuko mara mbili.

Tena lishikeni hili, maana wengi hawalijui: kikomo ni dari. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake kadiri ushindani unavyotaka, na EWURA yenyewe kila mwezi huwahimiza wanunuzi waende kwenye vituo vyenye bei ndogo. Kituo pia kinatakiwa kuandika bei zake kwenye bango linaloonekana wazi, pamoja na punguzo au kivutio chochote kinachotolewa. Mtu akipita sheli mbili za mji mmoja asome mabango yote mawili kabla ya kusimama. Nansio si mji mkubwa kiasi cha kufanya jambo hilo kuwa safari.

Kisha kuna namna tunavyoagiza. "Niwekee ya elfu tano." Nimelisikia neno hilo kwenye kila sheli ya Kanda ya Ziwa niliyowahi kusimama. Mteja anajua fedha aliyotoa, hajui lita alizopata. Mwezi ujao bei ikipanda, bado atasema "ya elfu tano," na atashangaa kwa nini pikipiki imeanza kunywa. Agizeni kwa lita. Angalieni pampu imeanza na sifuri. Angalieni lakiri na stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu, maana hao ndio wenye kazi ya kuhakiki kwamba lita ni lita. Dumu la njano lililoandikwa 20 si kipimo cha kisheria. Likijazwa hadi shingoni hubeba zaidi ya hapo, kwa hiyo msimtuhumu mtu kwa sababu ya dumu, wala msikubali dumu litumike kuwapunja. Na chukueni risiti inayoonyesha jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei kwa lita. Karatasi hiyo ndiyo shahidi wako bei ikizidi kikomo, au mafuta yakiwa yamechakachuliwa.

Kuchakachua si hadithi. Ilifika mahali serikali, katika bajeti ya 2011/12, ikapandisha kodi ya mafuta ya taa hadi karibu na ya dizeli, kwa kuwa unafuu wa mafuta ya taa ndio uliokuwa unawashawishi watu kuyachanganya. Mwaka mmoja kabla ya hapo vilikuwa vimeanza kuwekwa vinasaba kwenye mafuta ili yatambulike. Lakini ukaguzi wa vinasaba unaishia kwenye pampu ya kituo chenye leseni. Haukufuati kwenye chupa ya barabarani.

Na chupa hiyo tuiseme wazi. Vijijini na kwenye visiwa vidogo petroli inauzwa kwa chupa za maji, imepangwa kwenye meza juani. Simlaumu mama anayeiuza. Ameziba pengo ambalo hakuna mwingine aliyeliziba, na pikipiki iliyobeba mjamzito haiwezi kusubiri. Lakini mnunuzi ajue anachonunua. Chupa haina kipimo, haina risiti, hakuna anayeikagua vinasaba, na jua linaondoa sehemu nyepesi ya petroli, ile inayowasha injini haraka asubuhi. Bei yake iko juu ya kikomo. Na ni moto unaosubiri jiko la mkaa la jirani. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, una mpango wa mikopo kwa wanaotaka kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini. Kijiji chenye vijana ishirini wa bodaboda na mitumbwi kadhaa kina soko la kutosha kumfanya mtu aende kuulizia mkopo huo, na ningependa aliyekuwa anauza chupa awe wa kwanza kuuliza.

Kanda yetu imewahi kuupigania usawa wa kipimo, na ushindi ule ndio unaonipa imani ya kusema haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walikuwa na hakika kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja. Hawakuishia kulalamika. Waliweka wapimaji wao wenyewe, waliolipwa na wakulima, wakapima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi, ili mkulima afike akijua uzito wa mzigo wake. Kutokana na wapimaji wale viliota vyama vya ushirika, na kufikia 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya Paul Bomani, likiwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Baadaye yalitokea mengi: vyama vikuu vilifutwa mwaka 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya 1982, madeni na uongozi mbaya vikala kilichobaki mahali pengi. Wazee waliopo hapa wana kumbukumbu za pamba zilizowakalia moyoni, na wana haki ya kuwa na mashaka wakisikia neno ushirika. Nawaomba watazame ile hatua ya mwanzo tu, kabla ya maghala na magari: watu walijua uzito wao, wakauza kwa pamoja.

Petroli ya taifa zima inanunuliwa hivyohivyo. Tangu 2012 kampuni za mafuta Tanzania haziagizi kila moja meli yake. Mahitaji hujumlishwa, zabuni hutangazwa, mwenye bei nafuu hushinda, na leo kazi hiyo inasimamiwa na Wakala wa Uagizaji wa Mafuta kwa Pamoja, PBPA. Ikiwa matajiri wenye matangi bandarini wamewekwa pamoja ili wapate unafuu, kijiwe cha bodaboda kinashindwaje?

Tuone hesabu ya kijiwe. Vijana 20, kila mmoja lita tatu kwa siku, siku 26 za kazi: lita 1,560 kwa mwezi. Kituo kikiwapunguzia shilingi 50 kwa lita, wameokoa 78,000, yaani 3,900 kwa kila mmoja. Nasema ukweli, si fedha nyingi. Kijana anayeacha kununua lita moja ya chupa kila siku, ikiwa chupa inazidi pampu kwa 1,000, anaokoa 26,000 kwa mwezi bila kumwomba mtu punguzo. Kwa hiyo nidhamu ya pampu iwe ya kwanza, punguzo la kikundi liwe la pili. Lakini sasa waongezeni wenye mitumbwi. Mitumbwi 10, lita 20 kila usiku, usiku 20 wa giza katika mwezi, kwa kuwa dagaa hawavuliwi vizuri mbalamwezi ikiwa kali: lita 4,000. Punguzo lilelile la shilingi 50 ni 200,000. Mkiungana na kijiwe mmefika lita 5,560 kwa mwezi, na hapo mwenye kituo anavuta kiti akae.

Anavuta kiti kwa sababu gani? Kwa sababu mna kitu anachokihitaji. Mwenye kituo kisiwani ana shida ambayo mwenzake wa Mwanza mjini haijui sana: akiagiza mengi, fedha yake inalala tangini, akiagiza machache, kivuko kikichelewa pampu inakauka na wateja wanahama. Kikundi kinachomwambia kwa maandishi, "mwezi huu tutachukua lita hizi, mitumbwi itapumzika siku hizi za mbalamwezi, tutalipa kila Ijumaa kwa simu," kimempunguzia kubahatisha. Huko kujua mapema ndiko mnakomuuzia. Yeye analipa kwa shilingi 50, au 30, au 70, mtakavyopatana. Hiyo ndiyo kadi ya uaminifu ya Ukerewe, na haihitaji plastiki.

Makubaliano yenyewe yawe mafupi. Punguzo litajwe kama kiasi chini ya bei kikomo ya Ukerewe ya mwezi huo, lisitajwe kama bei, ili bei ikibadilika Jumatano ya kwanza msianze kugombana upya. Kila mwanachama ajaze kwenye pampu, kwa jina lake, na apewe risiti yake ya mashine ya kodi. Kikundi kisinunue mapipa na kuyaweka nyumbani kwa mwenyekiti, kwa sababu za moto kwanza na za uaminifu baadaye. Wenye boti waulize kituoni utaratibu unaokubalika wa kuchukua mafuta kwenye vyombo. Punguzo lirudi kwa kila mtu kulingana na lita zake. Mkilikusanya kwenye mfuko wa pamoja, kila mwisho wa mwezi daftari lisomwe mbele ya wote, kwa sauti. Na kwa mtumbwi, risiti ionyeshwe kwa vijana wa nyavu kabla mgawo haujafanywa. Hili la mwisho sitaki kulilegeza. Kama kikundi kitaokoa mafuta na kijana asione faida hiyo kwenye mgawo wake, tumehamisha unyonge kutoka kwa wakala kwenda kwa tajiri wa mtumbwi.

Mfuko huo pia ndio mlango wa kutoka mikononi mwa wakala wa samaki. Mvuvi anayetaka kujikomboa hahitaji fedha za mwaka mzima, anahitaji dumu moja la kuanzia, la usiku mmoja, lisilo na sharti la samaki. Kikundi kinaweza kumkopesha dumu hilo kwa zamu, alirudishe baada ya kuuza kwa bei ya soko.

Kuna mambo madogo ambayo watu huyauliza, niyapitie upesi. Kununua alfajiri kwa sababu mafuta ya baridi ni mazito: petroli hutanuka kama asilimia moja joto likipanda nyuzi 10, lakini tangi la kituo liko ardhini na joto lake halibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana, kwa hiyo faida ni ndogo mno. Kujaza kabla ya bei kubadilika: hilo lina maana. Julai 2023 bei kikomo ya petroli Dar es Salaam ilikuwa 2,736, Agosti ikawa 3,199. Aliyejaza tangi la lita 10 siku ya mwisho wa bei ya zamani aliokoa zaidi ya 4,600. Lakini kujaza tangi ni tofauti na kuficha mafuta, na miezi ileile EWURA ilivifungia vituo vilivyoficha mafuta vikingojea bei mpya. Oili ya mashine za boti, zile za kuchanganya oili na petroli: nyingi za sasa zinataka sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Wengi humimina kwa macho na kuzidisha, wakidhani wanailinda mashine, kumbe wanachafua plagi na kumwaga fedha. Soma kitabu cha mashine yako, nunua kikombe chenye alama, basi.

Swali lililobaki ni kituo kikikataa: kikikataa risiti, kikiuza juu ya kikomo, kikificha bango. Mtu mmoja akilalamika pale pampuni ataitwa mkorofi. Kikundi kiandike barua, kitaje tarehe na pampu, kiambatishe nakala za risiti za wanachama kadhaa, na kiipeleke ofisi ya EWURA ya Kanda ya Ziwa, Mwanza, na kama tatizo ni lita pungufu, kwa Wakala wa Vipimo wa mkoa. Nakala moja ipelekwe kwa mwenye kituo mwenyewe kabla ya zote, apewe siku saba, kwa sababu ni jirani yetu na tungependa aendelee kuuza.